Kongamano Lilinipa Mkoba Tu

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mkutubi, mwaka wa 6 sasa niko dawati la uazimaji. Mwaka jana nilihudhuria kongamano la wakutubi kwa mara ya kwanza. Nilikaa viti vya nyuma siku 3, nikarudi na kalamu na mkoba. Mkuu wangu anauliza kwa nini anilipie tena. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mkoba huo hata mimi ninao. Naufungia nyaya za kompyuta. Safari yangu ya kwanza nilikuwa kama wewe, mgeni wa ukutani.

Usiende tena kusikiliza tu. Omba nafasi ya bango: karatasi moja kubwa, unasimama kando yake, watu wanakujia wenyewe. La kwangu lilihusu kuondoa rafuni vitabu chakavu na visivyoazimwa. Mama mmoja alilitazama, akaniuliza, "Hivi vilivyosomewa humohumo maktabani bila kuazimwa, unavihesabuje?" Sikuwa na jibu. Niliporudi tukaanza kuhesabu vitabu vilivyoachwa mezani kila jioni, na orodha yetu ya kutupa ikapungua sana. Hilo ndilo nililompelekea mkuu wangu, kwenye ukurasa mmoja, wala hakuuliza habari za hotuba. (Hotuba nyingi husinzisha, tuseme ukweli.)

Akikuambia mikutano ni porojo, mkumbushe kwamba IFLA, shirikisho la maktaba la dunia, lilizaliwa mkutanoni Edinburgh mwaka 1927, wakutubi walipokusanyika kuadhimisha miaka 50 ya chama cha wenzao wa Uingereza.

Mwombe ada ya usajili kwanza. Nauli mtaijadili bango likikubaliwa.