Barua kwa Mwanangu: Zile Jozi 300

Kisumu, Jumatatu usiku

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinikuta Kibuye jana, nikipanga nguo za watoto juu ya turubai. Unasema mwenye duka la zawadi Naivasha anataka jozi 300 za herini zako za mfupa, kwa nusu ya bei unayouza hapo Nakuru, na atakulipa zikishauzwa. Ukaniuliza, "Mama, nichukue mkopo wa simu ninunue mashine ya kusugua na niajiri wasichana wawili?" Sikutaka kukujibu harakaharaka mbele ya wateja. Sasa nimekaa na daftari.

Mkopo usichukue, na jozi 300 usikubali. Hebu tupige hesabu pamoja.

Jozi moja unaiuza 250. Gharama ulizonitajia ni waya wa shaba 40, mfupa 30, kulabu 10, kadi na mfuko wa kaki 15. Jumla 95, nawe ukaandika faida 155. Mwanangu, katika hesabu hiyo wewe mwenyewe hupo. Ulipokuja Aprili nilikutazama ukikata, ukipiga tupa, ukirudia msasa mara tatu, ukitoboa, ukikunja waya. Dakika 50 kwa jozi, bila kuinuka hata kunywa maji. Jozi 300 ni saa 250, yaani siku 31 za saa nane nane. Duka litakupa 125. Ukitoa 95 inabaki 30, na mara 300 ni shilingi 9,000. Mwezi mzima wa macho na vidole vyako! Na hapo wasichana hawajalipwa, riba haijalipwa, wala mifupa iliyopasuka haijahesabiwa.

Hiyo mifupa ndiyo ningeanza nayo kabla ya kuwaza mashine. Uliniambia katika kila vipande kumi viwili hupasuka. Unaichemsha kwa moto mkali, kisha unaianika juani juu ya mabati. Mfupa ukichemka kupita kiasi hudhoofika, na ukikauka haraka hupasuka. Babako, enzi zile akichonga mipini ya visu, alitumia moto mdogo na sabuni, akabadilisha maji mpaka mafuta yaishe, kisha akaiacha kivulini wiki mbili na zaidi. Katika mambo mengine hakuwa na subira hata kidogo, ila kwa mfupa alingoja. Tena nakuomba, ujikinge vumbi. Ile leso unayojifunga puani haitoshi. Vumbi la mfupa ni laini na huingia hadi mapafuni. Nunua barakoa ya mafundi.

Mali kauli naijua vizuri. Mwaka 2009 nilishonea duka moja la mjini sketi 120 za shule, nilipwe zikiuzwa. Pesa zilikuja kidogo kidogo, na nyingine hazikuja kabisa. Sketi zilizorudi zilikuwa zimechujuka kwa kutundikwa dirishani. Nikauza cherehani yangu ya pili nilipe deni la kitambaa. Ulikuwa darasa la tatu, ukaniuliza mbona meza iko wazi. Sikukujibu siku ile.

Badilisha kulabu. Hizo za shilingi 10 zina nikeli, ndiyo maana yule mteja wako alirudi masikio yakimwasha. Tafuta za chuma kisichoshika kutu, hata zikifika 25. Vifaa vitakuwa 110. Jilipe 120 kwa saa, ambayo ni 100 kwa kila jozi, kisha weka 30 ya vinavyoharibika na nauli. Hiyo ni 240, na chini ya hapo usiuze hata kwa rafiki. Duka lipe kwa 350, wewe mwenyewe uza 600. Najua 600 inakutisha. Wanaotaka za 250 utawapoteza kadhaa, na nitakuwa nawe hiyo miezi ya mwanzo.

Mwandikie wa Naivasha kwamba una jozi 40, kwa 350, nusu ya pesa ije kama arbuni kabla hujashika msumeno, na nusu siku ya kupokea mzigo. Arbuni ya 7,000 inanunua vifaa vyote bila mkopo. Ukitoa vifaa na vinavyoharibika, unabaki na 8,400 kwa saa 33 hivi. Ilinganishe na zile 9,000 za saa 250. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwa sababu sikuamini.

Akikataa, mwache. Akikubali na kuagiza tena, hapo mtafute msichana mmoja, umlipe kwa kipande, umfundishe msasa peke yake kwanza. Mitindo nayo punguza. Hakuna haja ya mitindo 22 ilhali watu wanaulizia ile ya nusu mwezi na nyingine tatu au nne tu.

Kesho asubuhi nitampa kondakta wa matatu ya Nakuru kifurushi chako. Ni tupa mbili za babako, ile bapa na ile ya mgongo wa mviringo, nimezifunga kwa kitambaa chenye mafuta. Nitakutumia pia 3,000 kwa M-Pesa za kulabu na barakoa. Hizo si deni. Ukishamjibu wa Naivasha nipigie, hata kama ni usiku.

Mamako