Kabla ya kununua kamera, jifunze kutazama

Watu huniuliza wanunue kamera gani ili waanze kupiga picha. Nami huwauliza: ni picha gani iliyowahi kukushika mpaka ukasahau ulichokuwa unafanya? Anzia hapo.

Kwangu mimi hamu hii ilikuja utotoni, kabla sijashika kamera yoyote, nikifunuafunua albamu ya nyumbani. Mle mlikuwa na picha ya bibi akiwa msichana, jua limempiga ubavuni, nusu ya uso iko kivulini. Bibi niliyemjua alikuwa mzee. Huyu alikuwa mgeni kabisa. Nikawa naitazama kila nipatapo nafasi, nikijiuliza: aliyempiga picha alisimama wapi? Ilikuwa saa ngapi? Nilipopewa kamera, maswali nilikuwa nayo tayari.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna gharama. Chagua mtu mmoja unayeishi naye, mkalishe karibu na dirisha, mpige picha kwa simu asubuhi, adhuhuri na jioni. Usibadilishe kitu kingine. Utaona jinsi mwanga wa ubavuni unavyochora mashavu na mikunjo ya nguo. Halafu mtoe nje jua likiwa la utosi, uone macho yanavyozama kwenye giza. Hakuna somo la darasani litakalokuingia kama hilo.

Wapiga picha wakongwe wengi walianza na watu wa karibu vivyo hivyo. Seydou Keïta wa Mali alipata kamera ya Kodak Brownie mwaka 1935, akiwa kijana anayejifunza useremala, akaanza na jamaa zake. Studio yake ya Bamako aliifungua mwaka 1948. Jacques-Henri Lartigue wa Ufaransa alipiga picha za ndugu zake wakiruka na kucheza tangu akiwa mtoto. Ulimwengu ulikuja kumtambua mwaka 1963, jumba la makumbusho la MoMA huko New York lilipoonyesha kazi zake, naye anakaribia miaka 70. Muda wote huo alikuwa anapiga tu, kwa kupenda. Mimi humheshimu sana kwa hilo.

Jambo lingine: zichapishe picha zako. Ukanda wa filamu kwa kawaida ulikuwa na picha 24 au 36, basi mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Simu inabeba maelfu na nyingi hazitazamwi tena. Chagua chache, zitoe kwenye karatasi, zibandike ukutani unapopita kila siku. Baada ya wiki utajua ipi inakuchosha na ipi bado inakuita. Hiyo inayokuita ichunguze.

Na ukimpa mtoto kamera, usianze na habari za lenzi. Mwache apige akiwa kwenye kimo chake: magoti ya watu, paka chini ya meza, kivuli chake mwenyewe. Kisha mchapishie anazozitaka, azipange mwenyewe kwenye albamu, nawe umuulize kwa nini amechagua hizo.