Maji ya nyuti yanafika nyuzi 28: barafu au feni?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina nyuti wawili, wale salamanda wa majini wenye tumbo jekundu, kwenye tangi la kioo la lita 40. Mchana maji yanafika nyuzi 28 za Selsiasi. Huwa natumbukiza vipande vya barafu, yanashuka hadi 22, baada ya muda yanapanda tena. Sasa mmoja amekataa kula na anashinda juu ya jiwe, hataki kuingia majini. Nifanyeje bila kununua mashine ya kupoza maji?

JIBU: Marahaba. Anza kwa kuacha hivyo vipande vya barafu. Nyuti hajitengenezei joto la mwili. Maji yakiwa 28, naye ni 28. Kwa hiyo unampandisha na kumshusha nyuzi sita, pengine mara mbili tatu kwa siku moja, na hilo humchosha kuliko unavyodhani. Ningependa akae kwenye 22 iliyotulia kuliko 18 ya nusu saa. Halafu, kama barafu hiyo ni ya maji ya bomba, kila kipande kinaingiza klorini.

Huyo wa juu ya jiwe hana kiburi, anakimbia maji. Hawa ni wanyama wa maji baridi: raha yao ni kati ya nyuzi 16 na 20, na yakipita 24 wanaanza kuteseka. Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 15 lita moja hubeba takriban miligramu 10. Kwenye 28 haifiki 8. Wakati huohuo mwili wake unadai oksijeni zaidi, na sehemu kubwa anaivuta kwa ngozi. Bakteria nao hustawi kwenye joto hilo.

Kabla ya kupoza, tafuta kinachopasha. Hukutaja pampu, na ndiyo ninayoitilia shaka kwanza. Pampu iliyozama majini huacha humo karibu umeme wote inaokula, ukiwa joto. Ya wati 10 ikifanya kazi usiku na mchana hutoa joto ambalo, lisipopata pa kutokea, lingepandisha lita zako 40 kwa nyuzi 5 kwa siku. Tumia kichujio cha sifongo kinachosukumwa na pampu ya hewa, ambayo hukaa nje ya tangi. Taa zipunguze saa, na tangi lihamie mbali na dirisha. Likishuka karibu na sakafu, bora zaidi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu.

Sasa feni. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama jasho linavyokupoza likikauka mwilini. Robo lita tu ikikauka kwenye tangi lako hubeba joto la kutosha kushusha maji yote kwa nyuzi 3 na zaidi kidogo. Kuondoa joto hilohilo kwa barafu ungehitaji takriban kilo moja na nusu! Bila shaka chumba kinarudisha joto muda wote, kwa hiyo tarajia kushuka kwa nyuzi 2 hadi 4. Muhimu ni kwamba maji yatabaki hapo maadamu feni inazunguka. Ondoa mfuniko wa kioo, weka wa wavu wa matundu madogo uliobana vizuri (nyuti hupanda kioo kama mjusi, na akitoka utamkuta amekauka nyuma ya kabati), kisha elekeza feni ipulize kwa mshazari juu ya uso wa maji. Maji yatapungua kila siku ilhali madini yake yanabaki. Jazia maji yaliyoondolewa madini, na usiache kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Feni ina kikomo, na unaweza kukijua leo hii. Funga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto, kipulizie feni dakika kumi, usome. Maji ya tangi hayatashuka chini ya hapo kwa feni. Chumba cha nyuzi 30 chenye unyevu wa asilimia 50 kitakupa karibu 22. Unyevu ukiwa asilimia 80 utasoma 27, na hapo feni ni kelele tu.

Ukisoma zaidi ya 23, ongeza chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyogandishwa na kufungwa vizuri, ikielea tangini. Moja huondoa takriban nyuzi moja na robo. Weka moja moja, na anza mapema asubuhi kabla maji hayajapata moto, usingoje saa nane mchana. Kama hata chupa hazitoshi, basi mashine haikwepeki. Ikija, iweke mahali penye upenyo wa hewa, kwa sababu joto inalolitoa majini inalimwaga chumbani.

Huyo mgonjwa, usimlazimishe kuingia majini wala kula. Maji yakikaa chini ya 22 kwa wiki moja na bado amegoma, au ukiona ngozi ina mabaka au tumbo limevimba, mlete aonekane. Umbebe kwenye chombo chenye karatasi laini iliyoloa maji yasiyo na klorini, na unawe mikono ukishamshika: ngozi yake ina sumu.