Moshi wa karakana na upepo wa usiku

SWALI: Karakana ya seremala iliyo mita 100 kutoka nyumbani kwetu Kisauni huchoma mabaki ya mbao uwanjani, kwa saa tatu hivi kila jioni. Nilitumia modeli ya Gauss, fomula ya kukadiria moshi unavyotawanyika hewani, nikaiingizia wastani wa upepo wa mwaka, na jibu likawa moshi ni kidogo, ilhali watoto wanakohoa usiku kucha. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, fomula yako ni sahihi, kosa limo katika huo wastani. Moshi huchukuliwa na upepo wa saa ile ile moto unapowaka, na hapa Mombasa saa hazifanani: mchana kusi au kaskazi huungana na upepo wa baharini na hewa ikachanganyika vyema, lakini jua likishatua nchi kavu hupoa, upepo hulegea, na hewa baridi hubaki chini huku ile ya joto ikiifunika mfano wa kawa juu ya sinia.

Tukadirie kwamba fundi huchoma kilo 10 kwa saa, na kila kilo hutoa takriban gramu 10 za chembe laini, yaani zisizozidi maikromita 2.5 kwa kipenyo. Hizo ni karibu miligramu 28 kwa sekunde. Upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde na hewa ikiwa ya daraja D, yaani la kati, katika madaraja ya Pasquill ya utulivu wa hewa, ambapo moshi umetawanyika mita 8 kwa upana na 4.6 kwa kimo, dirishani pako patafika maikrogramu 60 kwa mita ya ujazo. Upepo ukishuka hadi mita 1 na hewa ikawa tulivu, daraja F, mitawanyiko hiyo huwa mita 4 na 2.3, na jibu huruka hadi karibu 960. Moto ni ule ule. Ukizigawa saa hizo tatu kwa siku nzima utapata 7.5 kwa hali ya kwanza na 120 kwa ya pili, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 ni 15 kwa saa 24.

Hiyo 960 ichukulie kuwa kikomo cha juu, kwa kuwa vipimo hivyo vya mtawanyiko vilitokana na maeneo ya wazi, na nyumba zilizosongamana huupanua moshi. Kimo cha chanzo nimekiweka sifuri kwa makusudi: mbao mbichi zinazofukiza hazina joto la kuunyanyua moshi. Upepo ukipungua chini ya mita 1, usiitumie fomula hii kabisa.

Usitegemee pia takwimu za upepo za uwanja wa ndege peke yake, kwani uko ng'ambo ya pili ya kisiwa. Pima mwenyewe kwa vifaa viwili kwa wakati mmoja, kimoja joshini, upande upepo unakotoka, na kimoja demani, upande unakoelekea, kwa sababu unyevu wa pwani huvimbisha chembe na kupandisha namba za vifaa vya bei nafuu; tofauti baina yao ndiyo itakayokaribia mchango wa moto. Kisha zungumza na fundi: maranda yasiyo na rangi wala dawa wafugaji wa kuku huyahitaji kwa kutandika mabandani.