Uliza Bi Santuri: Figaro anatafuta nini Shangani?

Mwezi huu barua zenu zimeniuliza jambo moja kwa sura nyingi: watu wa vitabuni na wa hadithini wamefuata nini ndani ya nyimbo? Nimechagua tano. Yule wa Kiembesamaki aliyeniandikia kurasa nzima kwa kalamu ya risasi anisubiri. Macho haya si ya zamani.

Bi Santuri, shikamoo. Natembeza wageni Mji Mkongwe. Tukifika Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, wageni huanza kuimba ule wimbo wake mrefu, kisha huniuliza Scaramouche ni nani, na "Bismillah" imeingiaje mle. Mimi hucheka tu. Niwajibu nini?
*Mtembeza wageni, Malindi*

Marahaba mwanangu. Kucheka si vibaya, lakini bakshishi hufuata maelezo.

Wimbo huo ni "Bohemian Rhapsody" wa kundi la Queen, wa mwaka 1975. Unakaribia dakika sita, na kule Uingereza ulikaa nambari moja wiki tisa. Katikati yake muziki unageuka opera na watu wanaanza kuitwa mmoja mmoja. Scaramouche ni mhusika wa michezo ya jukwaani ya Kiitaliano ya zamani, ile ambayo wahusika wake ni walewale kila siku: mzee bahili, mtumishi mjanja, na huyu aliyevaa nguo nyeusi, majigambo mengi, ukimkazia jicho anakimbia. Sina haja ya kukueleza zaidi, kila mtaa unaye wake. Figaro ni kinyozi. Alitungwa na Mfaransa Beaumarchais katika tamthilia iliyochezwa Paris mwaka 1775, kisha Mozart na Rossini wakamtia kwenye opera, na tokea hapo hajatoka. Galileo ndiye mtu wa kweli kati yao, mtaalamu wa nyota wa Italia aliyefariki 1642. Beelzebub ni shetani, na yeye hahitaji kutambulishwa.

Ama Bismillah, waambie hivi. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, katika nyumba ya Waparsi, watu wa dini ya Zoroaster. Akiwa bado mdogo alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India. Akarudi 1963, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Mtoto wa mji huu, awe wa dini yoyote, neno hilo hulisikia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mwenyewe hakupenda kuufasiri wimbo wake, basi na wewe usimfasirie. Wapitishe Darajani, wataisikia kila duka linapofunguliwa.

Ukitaka kuwaacha midomo wazi, warejeshe nyuma kidogo. Mwaka 1973, katika albamu ya kwanza ya Queen, Freddie alitunga wimbo juu ya mfalme wa vichimbakazi, "My Fairy King". Farasi wenye mbawa za tai na nyuki waliopotelewa na miiba, wote hao kawachukua kutoka shairi la Robert Browning la mwaka 1842, lile la mpiga zumari wa Hamelin: aliondoa panya mjini, wakubwa wakamnyima ujira wake, akaondoka na watoto wao. Ndani ya wimbo huohuo kuna mama anayeitwa Mercury, na mwenziwe Brian May amesimulia kwamba hapo ndipo Freddie alipolipata jina. Kwa hivyo jina mnalolipiga picha pale mlangoni limetoka ndani ya hadithi. Hili wageni wengi hawalijui, na wewe sasa unalijua.

Mwaka uliofuata akatunga mwingine, "The Fairy Feller's Master-Stroke", kutokana na picha. Mchoraji ni Richard Dadd, aliyemuua baba yake mwaka 1843 akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na humo, kuanzia 1855 hadi 1864, akawa anachora vichimbakazi wadogo wadogo waliojificha kwenye majani wakimtazama mmoja wao akitaka kupasua kokwa kwa shoka. Picha iko kwenye jumba la sanaa la Tate, London. Freddie anawataja waliomo kama mtu anayehesabu wageni wa arusi: Oberon na Titania, mfalme na malkia wa vichimbakazi wa Shakespeare, na Mab, malkia mwengine wa vichimbakazi, naye yumo. Nje ya jukwaa alikuwa mtu wa haya sana. Mtu wa haya akiwa na neno kubwa humtuma mwengine akaliseme, na yeye alikuwa na jeshi zima la kulituma.

Bi Santuri, assalaamu alaykum. Mume wangu ana wimbo wa gitaa wa Eric Clapton, "Layla". Huupiga garini kutoka Chake mpaka Wete, nimeuchoka. Anasema huyo ni Laila wa Majnuni. Namwambia Mzungu na Laila wapi na wapi! Tuamulie.
*Mama watoto, Chake Chake*

Waalaykumu ssalaam. Pole, bibi, mumeo kashinda. Lakini usimwambie mpaka umalize kusoma, kwa sababu na wewe una haki yako humu.

Laila ni yuleyule. Qays bin al-Mulawwah, kijana wa Banu Amir huko Uarabuni, alimpenda akatungia mashairi hadharani, ndiyo baba mtu akamnyima, naye akaingia jangwani kukaa na wanyama hadi watu wakamwita Majnuni. Nizami wa Ganja akaiandika hadithi hiyo kwa tenzi za Kifarsi mwaka 1188. Sisi wa rika langu Laila alitujia kwa njia ya sinema za Kihindi. Ile ya 1976 ya Rishi Kapoor tuliiangalia tukarudi nyumbani na ncha za kanga zimelowa, na bado kesho yake tukataka tena.

Clapton alipewa hadithi na rafiki yake Ian Dallas, Mskoti aliyesilimu. Wakati huo Clapton alikuwa amempenda Pattie Boyd. Na Pattie Boyd alikuwa mke wa mtu. Na huyo mtu alikuwa George Harrison wa Beatles, sahibu yake Clapton. Umeona sasa? Albamu ikatoka 1970, na ndani yake kuna wimbo mwengine ambao maneno yake yameandikwa kuwa ni ya Nizami, kwa hivyo kitabu kilisomwa, hakikuchunguliwa jalada tu.

Hapa ndipo nakutaka usikilize kwa sikio la taarabu. Sisi tukisikia ua, njiwa au chombo kilichokwenda mrama, hatuulizi ni ua gani. Tunauliza anaambiwa nani, kisha tunageuza shingo taratibu kuona nani anaamka kwenda kutunza na nani amekunja uso. Clapton hakuweza kusimama jukwaani akamwita mke wa rafiki yake kwa jina, basi akamvisha Laila kama buibui. Wenye kujua walijua. Wengine tulicheza gitaa.

Ila mimi kuna kitu kinanikera, na hiki ndicho cha kumwambia mumeo. Katika hadithi, Laila aliozwa mume, anaitwa Ibn Salam. Nani anamkumbuka Ibn Salam? Nani amemuimbia? Mtu akijiita Majnuni, machozi yote yanakuwa yake, na mume wa watu anabaki kikwazo njiani. Fumbo zuri, lakini limemuonea Harrison. Naye, kwa ajabu, hata sherehe yao alihudhuria, kwani Clapton na Pattie walikuja kuoana 1979. Wakaachana 1989. Hadithi ya Nizami haikufika huko. Laila na Majnuni hawakukaa nyumba moja wakagombania nani kaacha taa inawaka.

Nusu ya pili ya wimbo haina maneno, ni kinanda na gitaa tu. Hapo lala, atakuamsha Wete.

Bi Santuri, binti yangu anaimba "Love Story" ya Taylor Swift siku nzima, ananiambia Romeo na Juliet walioana wakaishi raha mustarehe. Mimi skuli nilisoma kwamba walikufa. Nani kakosea?
*Baba wa msichana, Mwanakwerekwe*

Wewe umesoma Shakespeare, yeye amemsikiliza Taylor Swift, na kila mmoja yuko sahihi kwa mtu wake. Katika tamthilia Romeo anakunywa sumu na Juliet anajichoma kisu. Kwenye wimbo wa 2008 baba mtu analainika na posa inapita. Swift alikuwa bado msichana alipoutunga, na wazee wake walikuwa hawamtaki kijana mmoja. Alitaka jibu jengine, akajipa. Wasimulizi wetu wa barazani walifanya hivyo usiku hata usiku, mtoto akilia jini halimli mtu.

Lakini mpe na tamthilia asome. Juliet hajatimiza miaka kumi na minne, jambo ambalo wimbo haulisemi, na wewe kama baba ungependa alijue.

Mpendwa Bi Santuri, mbona taarabu yetu haina wahusika wa hadithi? Wazungu wana Alice, wana Romeo. Sisi tuna maua tu.
*Mwanafunzi, SUZA, Tunguu*

Maua tu! Ningekuwa mwalimu wako ungesimama.

Kwanza, kwetu wimbo ulikuwa ndani ya hadithi, haukuhitaji kuifuata nje. Kasisi Edward Steere alikusanya hadithi za Unguja akazichapisha 1870. Soma ile ya Sultani Majnuni (si yule wa Laila). Sultani ana paka, paka anakula ndama, anakula kuku, anakula watoto wa watu, na kila akishitakiwa sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake. Hadi alipokula wana wa sultani mwenyewe, ndipo ikatambulikana kuwa huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Mwana mdogo, yule aliyekuwa akidharauliwa kukaa jikoni, anatoka kumsaka. Kila akiua mnyama anamburura mpaka kwa mama yake akiimba kwamba kamuua nunda, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba mwanangu, siye. Anamleta twiga, anamleta tembo, siye. Bibi yangu alipofika hapo hatukukaa kimya, sote tulikuwa mama. Utaniambia hiyo si nyimbo yenye mhusika?

Pili, sisi tulikwenda njia ya kinyume. Siti binti Saad, aliyerikodi santuri zake Bombay mwaka 1928, aliimba habari ya Kijiti, mtu aliyemchukua mwanamke mgeni wakaenda maguguni, akamrejesha maiti. Kijiti hakutoka kitabuni. Kesi ilikuwa ya kweli, muuaji akakimbia, na waliokwenda kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mahkama ilimkosa, wimbo ukamshika. Leo hakuna anayekumbuka hakimu alikuwa nani, lakini Kijiti ameshakuwa mtu wa kutishia watoto. Nilipokuwa napanga santuri redioni, ile ndiyo iliyokuwa ikiombwa na wazee, na walikuwa wakimlaani kwa jina kama jirani yao.

Na hilo la Alice, yule msichana wa hadithi ya Mwingereza Lewis Carroll: ana Kiswahili chake tokea 1940, anaitwa Elisi, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*. Kundi la Jefferson Airplane la Marekani lilimuimba 1967 katika "White Rabbit", na mle vile vidonge vya kumrefusha na kumfupisha si vya hadithi tena, ni vya kulevya. Kumbe na wao wana mafumbo. Nenda maktaba.

Bibi, wewe mwenyewe unaupenda upi?
*Msichana wa darasa la saba, Mkoani*

"Wuthering Heights" wa Kate Bush, mwaka 1978. Riwaya ya jina hilo ya Emily Brontë ilitoka 1847, na kwa bahati yeye na Kate wote wamezaliwa tarehe 30 Julai. Kate alikuwa na miaka 18 alipoutunga, na akawa mwanamke wa kwanza kufika nambari moja Uingereza kwa wimbo aliouandika mwenyewe.

Naupenda kwa sababu anayeimba ni mzuka. Cathy ameshakufa, yuko nje ya dirisha, anamwomba mpenzi wake Heathcliff amfungulie kwa sababu ana baridi. Kitabuni huyo mzuka anaonwa na mpangaji tu, mtu baki, tena anaogopa anamkwaruza mkono kwenye kioo kilichovunjika. Kate akamrudishia Cathy sauti akamwelekeza kwa anayemtaka. Sauti yenyewe ni nyembamba mno, mara ya kwanza nilidhani santuri inazunguka mbio nikaenda kuitazama. Omba ruhusa kwa mama kabla hujaupiga usiku, maana huko Mkoani najua mambo ya madirisha hamyachukulii mzaha.