Mama yuko kwenye tibakemikali, binti hataki kunyolewa

Kaka, pole kwa kuuguza. Umesema mama ndiye aliyekuwa akimsuka binti, sasa dawa za saratani (tibakemikali) zinamtia mama ganzi vidoleni, na ndugu wanashauri mtoto anyolewe kupunguza kazi. Msimnyoe. Nyumba nzima inabadilika bila yeye kuulizwa. Kichwa chake angalau akisemee mwenyewe. Kusuka utajifunza.

Anza na kusokota nyuzi mbili, ni rahisi kuliko kusuka. Gawanya nywele mafungu manne, uyabane. Fungua moja, lowesha, paka kondishena, achanisha kwa vidole, kisha tumia chanuo la meno mapana kuanzia nchani ukipanda kuelekea kwenye ngozi. Ukianzia juu, mafundo yote yanasukumwa chini na kukazana, nywele zinakatika na mtoto analia. Suuza, paka mafuta kidogo, gawa fungu vipande vitatu au vinne, kila kipande kitenge nyuzi mbili uzisokote pamoja hadi nchani. Zikae kama wiki mbili. Usiku afunge kitambaa cha satini. Mama akiwa na nguvu, akae karibu achague mtindo na kukuelekeza.

Anayejifunza hukaza mno ili zisifumuke. Ukiona vipele kwenye paji au panja, au mtoto anashindwa kulala, fumua siku hiyohiyo. Nywele zikivutwa muda mrefu mashina hufa, na za pembeni huenda zisiote tena.

Siku ya kufumua, chanuo litajaa nywele. Ni zile zilizodondoka kidogokidogo zikanasa ndani ya misokoto. Mwambie kabla hujaanza, la sivyo ataamini na zake zinanyonyoka kama za mama.

Nywele za mama, kama dawa yake ni ya aina inayozinyonyoa, kwa kawaida huanza kudondoka wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza. Binti ajue mapema: ni dawa inayoziangusha, ugonjwa huu hauambukizi, hajausababisha yeye, na mara nyingi nywele huota tena matibabu yakiisha.

Akitaka mwenyewe kunyoa afanane na mama, muulizeni mama kwanza. Wapo wanaofarijika, wapo wanaoumia. Subirini siku chache. Akishikilia, tumieni mashine yenye kibao namba 2 (kile kichana kinachobandikwa mbele ya mashine), si wembe.

Jambo moja la lazima: tibakemikali hushusha kinga, hivyo chanuo na taulo ya mtoto visichangiwe na mama. Binti akiota mapunye, mpeleke hospitali. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu krimu haifiki ndani ya shina la nywele.