Alifunga au aliweza kufunga?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandika makala ya gazeti la ukutani la shule yetu kuhusu Wynton Rufer, mwanasoka wa kulipwa wa zamani wa New Zealand. Sahihi ni "Mmaori" au "Mmaoria"? Nimeanza hivi: "Rufer aliweza kuzaliwa Wellington mwaka 1962 na aliweza kufunga bao katika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya."

Jibu: Marahaba. Andika Mmaori, wingi Wamaori, ndio wenyeji wa asili wa New Zealand, lugha yao Kimaori. Kwao neno hilo lina maana ya "-a kawaida", na halina "a" mwishoni, basi usiwaongezee. Rufer ni Mmaori kwa mama, Mswisi kwa baba. Swali lako limekwisha.

Lakini "aliweza kuzaliwa"! Mtoto mchanga aliweza nini? Kazi yote ya siku ile aliifanya mama yake.

Kuweza ni neno zito. Ukibisha hodi kwa jirani huko pwani ukaambiwa "mzee hawezi", umeambiwa anaumwa. Kuweza ni nguvu, ni uzima, ni kushinda kizuizi. Watangazaji wa mpira wamelifanya neno hili kiraka: aliweza kupiga kona, aliweza kuingia kipindi cha pili, aliweza kuonyeshwa kadi nyekundu. Mtu aliyetolewa nje kwa kadi nyekundu ameweza nini hasa? Nasikia hayo kila wiki na kila wiki yananiudhi upya.

Maisha ya Rufer mwenyewe yanakufundisha mahali pa neno hili. Akiwa kijana alikwenda Uingereza kujiunga na Norwich City, akanyimwa kibali cha kazi. Hapo andika bila hofu: hakuweza kuichezea Norwich. Klabu ilimtaka, miguu alikuwa nayo, karatasi ikamzuia. Kizuizi kipo, kuweza kuna kazi.

Januari 1982, mjini Singapore, New Zealand iliifunga China 2-1 na kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, baada ya mechi 15 za kufuzu. Ukiniandikia "iliweza kufuzu" nitavumilia, maana safari ile ilikuwa ndefu. Ila Rufer, kijana wa miaka 19, alifunga bao siku ile. Alifunga, basi.

Sasa fainali yako. Lisbon, Mei 1992, Werder Bremen ya Ujerumani dhidi ya Monaco: Klaus Allofs alifunga la kwanza, Rufer akafunga la pili, mchezo ukaisha 2-0. Lisome tena kwa "aliweza kufunga". Mpira umechelewa kuingia wavuni, kana kwamba mwandishi anashangaa Mmaori kufika pale. Huyu ni mtu aliyefunga mabao 8 katika Ligi ya Mabingwa msimu wa 1993/94, sawa na Ronald Koeman wa Barcelona. Usimdunishe kwa kitenzi.

Mtangazaji namsamehe nusu, kwa kuwa anatafuta pumzi katikati ya kelele. Wewe una kalamu, una muda, na una wanafunzi watakaokuiga. Anza hivi:

"Wynton Rufer, Mmaori kwa mama, alizaliwa Wellington mwaka 1962. Hakuweza kuichezea Norwich City kwa kukosa kibali. Mwaka 1992 aliifungia Werder Bremen bao la pili katika fainali."